Kabla Bumu Halijaishia kwenye Kibodi

Wanachuo wenzangu, nianze na kosa langu mwenyewe. Nikiwa mwaka wa pili, bumu lilipoingia tu, nilitoa shilingi 85,000 nikanunua kibodi yenye taa. Zile taa zinazobadilika, nyekundu inageuka bluu, bluu inageuka kijani, kama ukumbi wa harusi. Wenzangu wa chumbani waliizunguka kama watu waliokuja kumwona mtoto mchanga. Usiku wa tatu ni hao hao walioniambia niihamishie koridoni, maana kila kitufe kilikuwa kinalia ka! ka! ka!, na mmoja wao alikuwa na mtihani saa mbili asubuhi. Ilipofika wiki ya tano nilikuwa nashindia maandazi mawili na chai ya rangi. Kibodi inawaka, mimi nimezimika.

Ninasoma ualimu, mwaka wa tatu, na nyumbani ni Kasulu. Mimi siyo fundi kompyuta. Lakini tangu ninunue ile kibodi nimeona vifaa hivi vikimfanya mtoto ajione mjinga, na nimeona vikimuumiza mtu wa karibu yangu, kwa hiyo nina maoni yangu. Mengine mnaweza kuyapinga.

Kwanza majina. Vitabuni tunaandika kipanya, mtaani tunasema mausi. Mtu wa Dar es Salaam wa siku nyingi ukimtajia kipanya anaweza kufikiria Hiace ya abiria, au katuni za Masoud Kipanya. Mimi nitasema mausi, wahariri wanisamehe. Kifaa chenyewe kilitengenezwa Marekani mwaka 1964, katika kazi za Douglas Engelbart na wenzake. Kilikuwa kiboksi cha mbao chenye magurudumu mawili kwa chini, kitufe kimoja juu, na waya kama mkia. Kibodi ni mkubwa wake kwa miaka karibu mia. Mpangilio wa QWERTY ulitokana na mashine za kuchapa za Christopher Latham Sholes, ambazo kampuni ya Remington ilianza kuziuza mwaka 1874.

Aliyepanga herufi zile hakuwa anafikiria Kiswahili. Chukua sentensi hii: Wanafunzi wa kidato cha pili wanasoma. Ina herufi 32, na kati ya hizo 8 ni a. Robo nzima! Na hiyo a amepewa kidole kidogo cha mkono wa kushoto, kidole dhaifu kuliko vyote. Huku q na x, ambazo alfabeti yetu haina kabisa, zina vitufe vyao vinavyobaki vipya miaka yote. Ukitaka kujua kibodi ya steshenari imefanya kazi ya Kiswahili kiasi gani, usiulize. Tazama kitufe cha A kama maandishi yake bado yapo.

Sasa twende Kibondo. Mwaka jana nilipangiwa mazoezi ya kufundisha katika shule moja ya sekondari wilayani huko. Ukitoka Kasulu unapita Makere, unaiacha njia ya kambi ya Nyarugusu, unapanda na kushuka vilima mpaka ufike. Nilikwenda mwezi wa saba, kiangazi chenyewe, nikashuka kwenye gari nikiwa na vumbi jekundu mpaka kwenye nyusi. Masomo yangu ni Kiswahili na Historia. Mwalimu wa taaluma aliniangalia akasema, "Wewe bado kijana, hivi vitu vya kompyuta unavijua," na hapo hapo nikawa mwalimu wa TEHAMA wa kidato cha pili.

Chumba cha kompyuta kilikuwa na mashine 11, zinazowaka 7. Wanafunzi 54. Ukigawa vizuri, katika vipindi viwili vilivyounganishwa vya dakika 80, kila mtoto anapata kama dakika kumi za kukaa mbele ya kibodi kwa wiki. Dakika kumi! Naomba mzikumbuke hizo.

Kazi ya siku ya kwanza ilikuwa rahisi. Niliandika ubaoni: mama yangu ni mwalimu. Kila mmoja aichape, aniite nione. Kwenye mashine ya dirishani alikaa binti mmoja mpole, mwandiko wake kwenye daftari ndio uliokuwa mzuri kuliko wote darasani. Alichapa kwa kidole kimoja, polepole, akiitafuta kila herufi. Kwenye skrini ikatoka hivi:

;q;q yqngu ni ;zqli;u

Wenzake wakacheka. Akafuta. Akaanza tena, safari hii anainama mpaka pua inakaribia kugusa vitufe. Ikatoka ile ile. Na mimi, mwalimu mtarajiwa niliyefaulu vizuri somo la saikolojia ya elimu, nikamwambia, "Angalia herufi vizuri basi." Akanyanyuka. "Mwalimu, mimi kompyuta siiwezi," akaenda kukaa nyuma. Dakika zake kumi zikaisha hivyo.

Kipindi kilipokwisha nilikaa mwenyewe kwenye ile mashine. Nikachapa sentensi ile ile bila kuangalia chini, kama nilivyozoea. Ikatoka safi. Kwa hiyo nikazidi kuamini kwamba kosa ni la mtoto. Nilikuwa naondoka, nikashika kibodi niisogeze ili nifunge dirisha, ndipo macho yangu yakashuka kwenye vitufe. Mstari wa juu haukuanza na Q. Ulianza na A, kisha Z. Na M haikuwa kule chini karibu na N, ilikuwa imekaa pembeni ya L.

Ilikuwa AZERTY, mpangilio wa Wafaransa. Unatumika pia Ubelgiji, na kwa hiyo ukaingia Burundi na Kongo, nchi zilizotawaliwa na Wabelgiji na zinazotumia Kifaransa maofisini. Kibondo inapakana na Burundi, na vitu vya mtumba havina pasi ya kusafiria. Kibodi ya mwanzo iliharibika, fundi akaweka iliyopatikana, akaijaribu kwa kubonyeza vitufe vichache, ikaandika, akaondoka zake.

Hapa ndipo penye somo ambalo mimi mwenyewe nilikuwa silijui. Kibodi haipeleki herufi kwenye kompyuta. Inapeleka namba ya kitufe, yaani mahali kilipo, na kompyuta ndiyo inayoamua mahali hapo ni herufi gani kwa kufuata mpangilio uliochaguliwa ndani yake. Rangi iliyochapwa juu ya kitufe ni ya macho yako tu, kompyuta haiioni. Yule binti alipobonyeza kitufe kilichoandikwa A, kompyuta ilijua kwamba kimebonyezwa cha kwanza cha mstari wa juu, na kwake hicho ni q. Alipobonyeza M ikatoka nukta mkato. Mimi nilifanikiwa kwa sababu sikuangalia. Yeye alikosea kwa sababu aliangalia vizuri, kama nilivyomwamuru.

Kulikuwa na njia mbili. Ningeweza kubadilisha mpangilio ndani ya kompyuta uwe wa Kifaransa, herufi zikalingana na maandishi. Lakini kwenye AZERTY hata namba na nukta zinataka ushikilie Shift, na mashine nyingine sita zilikuwa QWERTY, kama watakavyoikuta kwenye mtihani na kazini. Nikachagua njia ya pili, ya kuandika upya juu ya vitufe. Kwanza nilitumia karatasi na selotepu. Wiki moja vidole 54 vikawa vimeibandua. Nikaenda dukani nikanunua rangi ya kucha, nyeupe, shilingi 1,500 (muuza duka alinitazama sana), nikaandika Q, A, W, Z na M kwa njiti ya kiberiti. Hiyo ilidumu mpaka naondoka.

Wiki iliyofuata nilimwita yule binti wa kwanza. Nikamweleza habari ya namba ya kitufe. Alichapa: mama yangu ni mwalimu. Ikatoka. Hakushangilia. Alitazama skrini, akatazama ile A yenye rangi ya kucha, akauliza, "Kwa hiyo wiki ile haikuwa mimi?"

Nikamwambia hapana, haikuwa wewe. Na nikamwomba radhi mbele ya wenzake, jambo ambalo mwalimu mmoja wa zamani alinionya baadaye nisilizoee.

Niseme pia kwamba kibodi ile haikuwa mbovu. Pale Nyarugusu, kambi iliyopo tangu 1996, watoto wa wakimbizi wamekuwa wakifuata mitaala ya Kongo na Burundi, kwa Kifaransa. Mtoto aliyetoka kwenye mfumo huo angeweza kuipokea kama kitu cha nyumbani. Ilikuwa mahali pasipo pake tu. Kwa hiyo ukinunua kibodi au laptopu ya mtumba, kabla hujauliza bei soma mstari wa juu. Ikiwa huangalii vitufe unapochapa, AZERTY itakupa shida kidogo tu kwenye alama, na pengine utaipata kwa bei nafuu. Ikiwa unaangalia, au unamnunulia mdogo wako anayeanza, iache.

Kwa sehemu yoyote ya watu wengi, iwe maabara ya shule, ofisi ya serikali ya wanafunzi au maktaba, maoni yangu ni waya. Pale Kibondo kulikuwa na mausi mbili zisizo na waya. Moja ilikufa siku mtu alipochomoa kile kidude cha USB akidhani ni flashi. Hakikuonekana tena, na mausi bila kidude chake mara nyingi ni jiwe tu, kwa sababu hakikubali kubadilishana na cha mausi nyingine. Ya pili ilikuwa inasubiri betri, na betri zilikuwa zinasubiri bajeti. Sisi wa Kigoma tuliokua kabla mkoa haujaunganishwa na gridi ya taifa, enzi umeme wa Kasulu na Kibondo unatoka kwenye majenereta ya dizeli, hatupendi kifaa kinachotaka chaji yake peke yake. Kwa mtu mmoja anayebeba laptopu yake kwenye begi, isiyo na waya ni raha, sibishi. Chagua tu ile yenye kijumba cha kuhifadhia kidude chake kwa chini.

Jambo jingine la mausi: za siku hizi zina taa na kamera ndogo inayopiga picha za meza mfululizo na kuzilinganisha, ndivyo inavyojua umesogea wapi. Juu ya kioo au meza inayong'aa haina cha kuona, mshale unarukaruka. Watu wanaitupa wakidhani imekufa. Weka gamba la daftari chini yake uone. Na kama una mtoto wa mkono wa kushoto darasani, usinunue ile iliyochongwa kwa ajili ya kulia. Nunua ya pande sawa, kisha ubadilishe vitufe kwenye mipangilio. Nilikuwa na kijana mmoja wa hivyo, alikuwa anapindisha mkono wa kulia kama anakamua ng'ombe.

Karibu na Kasulu mjini kuna Kabanga, ambako shule yake inajulikana kwa kulea watoto wenye ualbino. Wengi wenye ualbino wana uoni hafifu. Kibodi ya kawaida yenye herufi ndogo za kijivu juu ya kitufe cheusi kwao ni giza. Kuna kibodi za herufi kubwa, nyeusi juu ya njano, zimetengenezwa kwa ajili hiyo. Ukikosa, stika zipo, na ukikosa stika, mnajua sasa kuhusu rangi ya kucha. Pia mguse kidole kwenye F na J, vina vinundu vidogo. Wengi wenu mmevigusa miaka mingi bila kujua kazi yake: vidole vya shahada vinakaa hapo, na macho yanabaki huru.

Nimemwacha dada yangu mwisho kwa makusudi, kwa sababu habari yake bado haijaisha.

Dada anachapa kwenye steshenari Kasulu mjini. Barua za maombi ya kazi, katiba za vikundi vya kukopeshana, risala za harusi, mitihani ya shule. Analipwa kwa ukurasa. Ada yangu ya kidato cha tano na sita ilitoka kwenye vidole vile, sisemi kwa kutia chumvi. Likizo iliyopita nikamkuta anaamka usiku na kukung'uta mkono wa kulia kama mtu aliyeshika moto. Ganzi ilikuwa kwenye kidole gumba, cha shahada na cha kati. Kidole kidogo kizima. Daktari alimweleza kwamba kuna neva inayopita kwenye njia nyembamba katikati ya kifundo cha mkono, ikibanwa, ganzi inakwenda kwenye vidole hivyo hivyo.

Mimi nikaona sasa ile kibodi yangu ya taa imepata kazi. Nikampa. Siku mbili tu akanirudishia. "Mdogo wangu, hii ni kibodi au ni kigoma? Wateja wanaulizana kuna ngoma gani humu ndani." Halafu umeme ukakatika siku ile ile, akahamia kwenye laptopu, na taa zile zikaanza kunyonya chaji ya laptopu kwa ajili ya kupendeza.

Ndipo nikakaa pembeni nikamtazama anavyofanya kazi, kitu ambacho ningepaswa kufanya kabla ya kununua chochote. Meza ndefu, kiti kifupi, viwiko vinaning'inia chini ya kibodi. Vile vimiguu viwili vya nyuma ya kibodi amevisimamisha, kama karibu kila mtu anavyofanya, na vinamlazimisha apinde vifundo kwenda juu kutwa nzima. Kibodi yenyewe ndefu, ina sehemu ya namba upande wa kulia ambayo yeye haitumii, kwa hiyo mausi iko mbali na anainyooshea mkono mara mia kwa siku. Na mausi ile ni kubwa, imetengenezwa kwa kiganja cha mtu mwingine.

Tulichofanya hakikuzidi shilingi 30,000. Mto juu ya kiti, ili viwiko vilingane na meza. Vimiguu vikalazwa. Kibodi fupi isiyo na sehemu ya namba, ya mpira, imetumika lakini laini. Ya mpira maana yake chini ya kila kitufe kuna kikombe kidogo cha mpira kinachobonyea na kugusisha karatasi mbili za plastiki zenye mistari ya umeme. Ni za bei nafuu na kelele yake ni ndogo, lakini karatasi zile zikiharibika unatupa yote. Ile yangu ya taa ni ya swichi, kila kitufe kina swichi yake na springi. Inadumu zaidi na zipo zisizopiga kelele, ila bei yake siyo ya steshenari. Mausi tukanunua ndogo ya pande sawa, na wiki moja anaishika kulia, wiki moja kushoto. Siku tatu za mwanzo alinitukana.

Ganzi imepungua, haijaondoka. Daktari alimwambia apumzike kuchapa kwa muda, naye akamuuliza atakula nini. Kwa sasa anaamka kwenye kiti kila baada ya kurasa tano. Ni mpango wake mwenyewe.

Kwa wanaokwenda dukani baada ya kusoma hapa: usikubali kujaribiwa na muuzaji. Fungua ukurasa mtupu, bonyeza A hadi Z wewe mwenyewe, namba zote, nafasi, Enter, na kile cha kufutia. Bonyeza A mara hamsini, ndiyo utakayoitumia zaidi. Mausi ibonyeze mara moja moja uone kama haibonyezi mara mbili yenyewe. Hiyo ni dalili kwamba swichi ya ndani imechoka. Kibodi za ofisini zilizotumika, kama za Dell au HP, kwangu mimi zinashinda mpya nyingi za bei hiyo hiyo. Na kwa sisi wa kwenye vumbi, kila Jumamosi igeuze juu chini, ipige mgongo taratibu, pitisha brashi ndogo ya rangi katikati ya vitufe. Maji hapana.

Ile ya taa iko Kasulu. Katoto ka dada, kana miaka minne, kamepewa bila waya, kanaiweka mapajani na kuchapa barua za wateja wake. Makala hii nimeichapa kwa kibodi ya mtumba ya shilingi 12,000, na kitufe cha A kimeanza kufifia.